Pumu ya Mzio: Mbiu Inayopigwa Pasipo Adui



Kila mwaka, upepo wa mwezi wa nane unapoanza kuvuma na vumbi kutanda huku kwetu Dodoma, hatukosi kuwaona kliniki wagonjwa wa pumu waliokuja na pampu mbili mkononi. Ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni ya rangi ya bluu, imekwisha kabisa. Ya pili, mara nyingi ya kahawia, bado imejaa. Ukiuliza sababu, jibu ni lile lile: "Sista, hii ya bluu ndiyo dawa. Nikivuta, kifua kinafunguka hapo hapo. Hii nyingine niliivuta siku mbili sikuona kitu, nikaiacha."

Hatuwalaumu. Mtu huipima dawa kwa nafuu anayoiona. Lakini kuiacha pampu ya kahawia ndiko kunakowafikisha wengi wodini usiku wa manane, na wengine hawafiki. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwa ugonjwa huo mwaka huo huo. Wengi wa waliokufa walikuwa wa nchi zenye kipato kidogo, ambako dawa ya kuzuia pumu ama haipatikani ama haitumiki ipasavyo. Kwa hiyo mwezi huu tumeona tueleze jambo ambalo hatupati nafasi ya kulieleza vizuri foleni ikiwa ndefu: ni nini hasa kinachoendelea ndani ya kifua cha mwenye pumu, na kwa nini dawa isiyoleta nafuu ya haraka ndiyo inayoushika ugonjwa wenyewe.

Uvimbe usioonekana

Hewa tunayovuta hupita kooni na kuingia katika bomba kubwa la hewa. Bomba hilo hugawanyika kama mbuyu unavyogawanyika matawi, makubwa kwanza kisha madogo, hadi vijitawi vyembamba ndani kabisa ya mapafu. Ukuta wa kila tawi una misuli, na kwa ndani umefunikwa na utando laini. Wakati wa shambulio la pumu mambo matatu hutokea pamoja: misuli hujikaza, utando huvimba, na kamasi nzito hujaa katika nafasi ndogo iliyobaki. Hewa huingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi, ndiyo maana tunasikia mlio kama wa filimbi mgonjwa anapotoa pumzi.

Pampu ya bluu, yaani salbutamoli, hulegeza misuli. Huanza kufanya kazi ndani ya dakika chache, na nguvu yake huisha baada ya saa 4 hadi 6. Uvimbe haiugusi. Na uvimbe huo, tofauti na wengi wanavyodhani, hauondoki shambulio linapoisha. Mwenye pumu isiyotibiwa sawasawa anaweza kuwa shambani anapalilia karanga bila shida yoyote, na bado njia zake za hewa zikawa zimevimba kidogo na kuwa nyepesi kukasirika, zikingoja tu moshi au mafua. Sasa nani anayeuchochea uvimbe huo siku hata siku, ilhali hakuna kidonda?

Wajumbe wa mwili

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mwili nao una mbiu zake. Seli za kinga zimetawanyika kila mahali, kwenye damu, ngozi, mapafu, utumbo na ndani ya mifupa, na hakuna mwenyekiti wa kijiji anayezizungukia moja moja kuzipa taarifa. Hupashana habari kwa kutoa protini ndogo sana. Seli moja huitoa, nyingine huipokea mahali maalumu juu ya ukuta wake, na ikishaipokea hubadili mwenendo: huongezeka, au huhama, au huanza kutengeneza silaha. Protini hizo za ujumbe huitwa saitokini. Kundi moja kubwa kati yake huitwa intalyukini, kwa kuwa zilionekana zikipeleka habari baina ya seli nyeupe za damu. Jina hilo lilikubaliwa na wataalamu mwaka 1979 katika mkutano uliofanyika Uswisi, na tangu hapo kila mpya inayogunduliwa hupewa namba. Zimekwisha kupita 30. Msomaji asiogope namba. Tutataja chache tu.

Wajumbe hawa si wabaya. Joto unalolisikia mwilini ukiwa na malaria huletwa na wao, na bila wao kidonda kidogo tu cha mwiba kingetuua. Taabu ya pumu ya mzio ni kwamba mbiu hupigwa pasipo adui, na askari wakishafika huvunja vyombo vya mwenye nyumba.

Jinsi mzio unavyoanza

Tuchukue mfano wa mende, maana nyumba nyingi za mjini zinao. Kinyesi cha mende na vipande vya mwili wake hukauka, vikasagika, vikachanganyika na vumbi la ndani. Mtoto huvuta vumbi hilo. Watoto wengi hawadhuriki. Lakini kwa baadhi yao, hasa wale ambao katika ukoo wao kuna pumu, mafua ya mzio au pumu ya ngozi, kinga ya mwili huuona uchafu huo kuwa mvamizi. Seli nyeupe za aina ya T, ambazo ndizo zinazoongoza wengine, hujipanga katika kikosi kinachoitwa T-saidizi namba 2. Kikosi hicho kilielezwa na Timothy Mosmann na Robert Coffman huko Marekani mwaka 1986, walipochunguza seli za panya wa maabara, na leo tunajua kuwa ni mpigaji mkubwa wa mbiu za pumu.

Mbiu zake kubwa ni tatu. Intalyukini 4 huziamuru seli nyeupe za aina ya B zitengeneze kingamwili ya pekee iitwayo IgE. Intalyukini 5 hupeleka habari hadi kwenye uboho wa mifupa, kiwanda cha damu, kwamba zitengenezwe kwa wingi seli ziitwazo eosinofili, na zikishafika mapafuni huzitunza zisife upesi. Intalyukini 13 hufanya kazi kwenye njia za hewa zenyewe: huufanya utando utoe kamasi nyingi na nzito, na misuli iwe myepesi kujikaza. Mama anayeyaona makohozi ya mtoto wake yakivutika kama mlenda, anaiona kazi ya intalyukini 13 kwa macho yake.

Hiyo IgE ina kisa chake, nasi hupenda kukisimulia. Mwaka 1921 huko Ujerumani alikuwapo daktari Heinz Küstner, ambaye hakuweza kula samaki aliyepikwa bila kuvimba na kuwashwa. Yalichukuliwa maji ya damu yake, mwenzake Carl Prausnitz akadungwa kidogo ndani ya ngozi. Kesho yake Prausnitz alidungwa mahali pale pale maji yenye samaki. Pakavimba na kuwasha, ingawa yeye mwenyewe samaki hakumdhuru. Hivyo ikajulikana kwamba mzio hubebwa na kitu kilichomo ndani ya damu. Ilichukua miaka 45 kukipata kitu chenyewe. Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke kutoka Japani waliokuwa wakifanya kazi Marekani, walikieleza mwaka 1966, na watafiti wa Uswidi wakakifikia kwa njia yao mwaka uliofuata. Jina IgE lilipitishwa mwaka 1968. Kilichelewa kuonekana kwa sababu ndani ya damu ni kidogo mno.

IgE ikishatengenezwa hujibandika juu ya seli za masti, ambazo zimejipanga ndani ya ukuta wa njia za hewa kama walinzi wenye bunduki zilizojaa risasi. Hapo mtoto bado haumwi. Siku uchafu wa mende ukiingia tena, IgE huukamata, na seli za masti humwaga histamini na kemikali nyingine. Histamini si mjumbe wa aina tunayoizungumzia. Yenyewe ni risasi. Ndani ya dakika chache misuli hujikaza. Mgonjwa anavuta pampu ya bluu, anafunguka, na nyumba nzima inashukuru.

Hapa tunaomba msomaji asome polepole. Seli zile zile za masti zimekwisha kutoa na saitokini, na seli za T zimeanza kupiga mbiu zao. Eosinofili zimo njiani ndani ya damu. Baada ya saa 4 hadi 8 hufika wimbi la pili, la uvimbe na kamasi. Mtoto aliyebanwa saa kumi jioni watu wakifagia uwanja, akatulia saa kumi na moja, anaweza kubanwa tena saa nne au saa tano usiku, na safari hii kwa ukaidi zaidi, kwa sababu sasa si misuli peke yake. Tena ni saa ambazo homoni ya mwili wenyewe inayotuliza uvimbe hushuka chini kabisa. Wazazi husema ni hewa ya usiku. Hewa haina kosa. Ni mbiu iliyopigwa jioni.

Hapo pia utaona kwa nini vidonge vya kuzuia histamini, ambavyo wengi mnaviita piritoni, haviwezi kuwa dawa ya pumu. Huzuia risasi moja wakati jeshi zima liko barabarani.

Yowe la utando

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba seli za T ndizo zinazoanzisha yote. Sasa inajulikana kuwa utando wa njia za hewa, ambao ulichukuliwa kuwa kama lipu tu ya ukutani, mara nyingi ndio unaopiga yowe la kwanza. Ukiunguzwa na moshi, ukikwaruzwa na vumbi au ukivamiwa na virusi vya mafua, hutoa saitokini za kutangaza hatari: intalyukini 33, intalyukini 25 na nyingine iitwayo TSLP. Hizo huziamsha seli za T na jamaa zake, nazo huzipiga zile mbiu za namba 4, 5 na 13. Ndiyo maana mafua ambayo kwa mtoto mwingine ni kamasi za siku tatu, kwa mwenye pumu huweza kuishia hospitalini. Ndiyo maana pia moshi wa kuni huichochea pumu ya mzio, ingawa hakuna mtu anayetengeneza IgE dhidi ya moshi.

Vumbi letu na upepo wetu

Dodoma iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na miezi mingine nchi ni kavu. Watu wetu husema, "Nina mzio wa vumbi." Ni kweli na si kweli. Chembe za mchanga wa barabarani hazina protini, na mwili hautengenezi IgE dhidi ya mchanga. Mchanga hukwaruza tu, na utando hupiga yowe. Vumbi lenye mzio hasa ni la ndani ya nyumba na la ghalani: mabaki ya mende, magamba ya ngozi ya paka, ukungu wa nafaka na mikeka iliyoloa, na utitiri wa vumbi, yaani vidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo hukaa magodoroni vikila magamba ya ngozi zetu. Baada ya mvua huongezeka chavua za nyasi.

Utitiri hupenda unyevu. Pwani hustawi, na hewa yetu kavu haiufai sana, ingawa ndani ya godoro la mtu anayetokwa jasho huweza kuishi. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, familia nyingi zimekuja kutoka Dar es Salaam, nazo hutuuliza kwa mshangao: mbona mmoja wetu pumu imetulia na mwingine imezidi? Haishangazi. Aliyesumbuliwa na utitiri huweza kupumzika kiasi. Ambaye utando wake hukasirishwa na baridi na vumbi, amekutana na asubuhi za Juni na Julai, kisha upepo wa Septemba.

Wakati wa kupura mtama na uwele, makapi hubeba ukungu na chavua kwa wingi. Mwenye pumu apewe kazi nyingine siku hiyo, hata kama ni kuchunga ndama. Na kama hapana budi awepo, akae upande upepo unakotoka na afunge kitambaa puani na mdomoni. Uwanja unyunyiziwe maji kabla ya kufagiliwa. Tunajua maji ni taabu huku kwetu. Yale yaliyooshea vyombo yanatosha. Godoro litolewe juani kila wiki. Katika tembe na nyumba zenye madirisha madogo, mtoto mwenye pumu asilale katika chumba chenye moto, na jiko likiweza kuhamishiwa nje, lihamishwe. Sigara ndani ya nyumba hiyo ni marufuku, hata ya mgeni wa heshima.

Na kanisani je? Siku za misa kubwa wenye pumu wasione haya kukaa karibu na mlango. Ubani una heshima yake, lakini ukishafika mapafuni, utando huujua kuwa ni moshi.

Mjini na kijijini

Watafiti nchini Kenya waliwahi kuwakimbiza watoto wa shule wa Nairobi na wa Murang'a, kisha wakapima nguvu ya pumzi zao. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998: Nairobi watoto karibu 23 kati ya 100 njia zao za hewa zilibana baada ya kukimbia, na Murang'a, kijijini, watoto 13 kati ya 100. Sababu zinazotajwa ni nyingi: moshi wa magari, maisha ya ndani ya nyumba, vyakula. Mojawapo huwashangaza watu, nayo ni minyoo.

Ukitazama silaha za pumu, yaani IgE, eosinofili na kamasi, utaona ni silaha za kumfukuzia mnyoo. Kikosi cha T-saidizi namba 2 kinaonekana kuwa kimewekwa mwilini kwa vita hiyo hasa. Mnyoo naye si mjinga. Ili aishi, huufanya mwili utoe saitokini ya kutuliza, hasa intalyukini 10, na wengine hufikiri kwamba utulivu huo huipoza mizio pia. Huko Entebbe, Uganda, kati ya mwaka 2003 na 2005, wanawake wajawazito 2,507 waliingizwa katika utafiti. Baadhi walipewa dawa za minyoo na baadhi vidonge visivyo na dawa. Mwaka 2011 ilitangazwa kuwa watoto wa waliopewa dawa walipata pumu ya ngozi zaidi. Wapo waliosikia habari hiyo wakataka kuwakataza watoto wao dawa za minyoo shuleni. Hilo lisifanyike. Utafiti mwingine wa Uganda katika vijiji 26 vya wavuvi kwenye visiwa vya Ziwa Victoria, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa kuwatibu watu minyoo mara nyingi zaidi kwa miaka mitatu hakukuongeza mlio wa kifua wala mizio. Minyoo hunyonya damu na kudumaza watoto. Si mlinzi wa kumfuga.

Dawa inayonyamazisha mbiu

Sasa turudi kwenye ile pampu ya kahawia. Ndani yake mna steroidi ya kuvuta, mara nyingi beklometasoni, iliyoanza kutumika kwa njia hii mwaka 1972, miaka mitatu tu baada ya salbutamoli. Si dawa ngeni wala ya majaribio. Ikifika kwenye utando huingia ndani ya seli, hadi pale zinapohifadhiwa amri za kutengeneza protini, na kuzizima zile za saitokini. Mbiu za namba 4, 5 na 13 hupungua. Eosinofili zisipopata mjumbe wa kuzitunza hufa. Kamasi hupungua, uvimbe huteremka.

Lakini wajumbe waliokwisha kutoka hawarudishwi, na askari waliokwisha kufika huchukua muda kuondoka. Kwa hiyo nafuu huanza kuonekana baada ya siku kadhaa, na hukamilika baada ya wiki nyingi. Mwenye kuivuta siku mbili akaiacha ameondoka kabla dawa haijafanya kazi yake. Na mwenye kuiacha kwa sababu amepona, mbiu huanza tena polepole. Huenda asijue hadi mafua yatakapompata. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu umesema wazi kuwa watu wazima na vijana wasitibiwe kwa pampu ya bluu peke yake. Anayemaliza pampu ya bluu kila mwezi asijisifu kwamba anatumia dawa vizuri. Yuko hatarini.

Tunasikia mengi kuhusu pampu hii: inazoesha, inanenepesha, inaharibu moyo. Mpulizo mmoja wa beklometasoni kwa kawaida una maikrogramu 50 au 100. Kidonge kimoja cha prednisoloni cha miligramu 5, kile ambacho watu hujinunulia dukani bila cheti kila wakibanwa, ni maikrogramu 5,000, tena husambaa mwili mzima. Vidonge hivyo vina mahali pake, siku chache wakati wa shambulio kali, kwa maelekezo ya daktari. Kuvifanya chakula cha kila mwezi ndiko kunakoleta uso wa mviringo, sukari na mifupa laini. Ya kuvuta hufika pale pale panapotakiwa. Madhara yake ya kawaida ni utando mweupe wa fangasi mdomoni na sauti kukauka, na hayo hupungua kwa kusukutua maji na kuyatema kila baada ya kuvuta. Watoto tunawapima urefu, na tunawapa kiasi kidogo kinachotosha.

Katika nchi tajiri siku hizi zipo sindano zinazomlenga mjumbe mmoja mmoja. Ya kwanza, omalizumabu, huikamata IgE. Iliruhusiwa Marekani mwaka 2003. Mepolizumabu huikamata intalyukini 5. Hiyo ilipojaribiwa mwanzoni, matokeo ya mwaka 2000 yalikatisha tamaa, maana eosinofili zilipungua lakini wagonjwa hawakuonekana kupata nafuu. Mwaka 2009 ikajaribiwa kwa wale tu wenye eosinofili nyingi na mashambulio ya mara kwa mara, na mashambulio yakapungua. Ikaruhusiwa mwaka 2015. Kisa hicho kilifundisha kuwa pumu za watu wawili zinaweza kufanana kwa mlio na kutofautiana kwa wajumbe. Ikafuata dupilumabu mwaka 2018, inayoziba mahali zinapopokelewa namba 4 na 13, na tezepelumabu mwaka 2021 inayolizuia yowe la TSLP. Bei yake ni kubwa mno kwa familia zetu, na zimekusudiwa wenye pumu kali isiyosikia dawa nyingine. Wengi wetu hatuzihitaji. Pampu ya kahawia huzizima mbiu kadhaa kwa mara moja, ikitumiwa kila siku.

Chupa ya soda

Dawa nyingi ya pampu huishia ulimini na kooni, hasa kwa watoto. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake huko Cape Town walionyesha kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500 hufanya kazi sawa na kifaa cha dukani cha kuvutia dawa. Osha chupa kwa maji na sabuni, uiache ikauke yenyewe bila kuifuta. Toboa kitako chake kwa waya wa moto, tundu lenye umbo la mdomo wa pampu, uichomeke pampu hapo ibane, na pembeni uzibe kwa gundi au plasta. Mtoto aweke mdomo wa chupa katikati ya midomo yake. Tikisa pampu, bonyeza mara moja tu, naye apumue polepole kwa mdomo mara 5 au 6. Kisha mpulizo mwingine. Ukibonyeza miwili kwa pamoja unapoteza dawa. Asiyeweza kuitengeneza aje nayo kliniki, tutaitoboa.

Si kila mlio wa kifua ni pumu. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu, hata kama mgonjwa anajulikana kuwa na pumu. Mtoto mwenye homa na pumzi za haraka huenda ana nimonia. Mlio ulioanza ghafla kwa mtoto aliyekuwa akichezea karanga au punje za mahindi huenda ni punje imeingia kwenye njia ya hewa.

Mgonjwa wa pumu apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi iwapo hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa, midomo au kucha zimekuwa za kijivu au bluu, anasinzia au kuchanganyikiwa, au pampu ya bluu haimpi nafuu ya angalau saa 4. Na kama mlio wa filimbi umekoma huku bado anahangaika, msifurahi: hewa haipiti tena ya kutosha hata kupiga mlio. Wakati mnatafuta usafiri, mkalisheni wima, legezeni nguo shingoni, mpeni pampu ya bluu kupitia chupa, mipulizo 4, mmoja mmoja, na mrudie kila baada ya dakika 20 hadi mfike. Msimpe dawa za usingizi. Zile pampu zake zote mbili zije naye.